Kilo Arobaini na Mbili

Mimi kazi yangu kupima.
Njia ya Kipushi, kwenye depo, toka alfajiri
magunia ya mawe ya kijani yanapanda mizani yangu
nami nataja namba, namba, namba,
wachimbaji wakinitazama mdomo
kama watu wanaongoja jina la marehemu redioni.
Miaka kumi na saba. Siku hizi hata mizani siihitaji:
nikikuona unavuka barabara najua kilo zako,
na za mkoba wako,
na za mkate uliouficha ndani.

Jumamosi mwana wa dada yangu, Kyalwe,
alinivuta mkono hadi uwanja wa shule, Katuba.
Sarakasi, akasema. Franka zangu, nikasema.
Hema lilikuwa turubai la lori;
ubavuni bado linasomeka tangazo la saruji.
Mkata tiketi ndiye mpiga ngoma,
na akijipaka unga usoni, ndiye mchekeshaji.
Simba hakuna. Kulikuwa na mbuzi
aliyepanda ngazi, akafika juu, akasahau kwa nini.
Watu wakacheka.
Mimi nilikuwa nahesabu misumari.

Kwani nilishaona sarakasi, ile yenyewe,
nikiwa na miaka sita, mabegani mwa baba.
Alinuka moshi wa kiwanda na sabuni,
mshahara umetoka, karanga za moto mfukoni.
Juu kabisa, mwanamke wa gauni la rangi ya shaba mpya
alitembea kambani kama anakwenda kuteka maji.
"Baba, ule mama hana uzito?"
Baba akajibu bila kushusha macho:
"Iko nao. Ameuacha huku chini, tumushikie."

Kisha bomba refu likaacha kutoa moshi.
Baba akaleta unga badala ya pesa,
kisha mfuko mtupu, umekunjwa vizuri.
Usiku niliombeba kumpeleka hospitali,
mikono yangu ikampima yenyewe, bila ruhusa:
arobaini na mbili.
Sikumwambia mtu. Namba hii ni yangu.

Basi akatoka msichana, miguu mitupu,
kisigino kina plasta.
Arobaini na mbili, nikasema moyoni
kabla sijajizuia.

Nilijua kila kitu. Kamba ile ni ya winchi ya mgodi.
Mlingoti wa kushoto umeinama.
Chini hakuna wavu, kuna godoro moja
ambalo mtu fulani atalilalia usiku.
Akaweka mguu.
Kamba ikabonyea vidole vinne, vitano, ikamkubali.
Goti likatetemeka. Nililiona. Akalingoja litulie,
kama unavyongoja mtoto amalize kufunga viatu,
akaweka mguu wa pili.

Utotoni sikuogopa, maana niliamini ni unyoya.
Sasa nilijua hadi gramu anachokibeba kule juu,
na alikuwa anakwenda!
Anakwenda, jamani, na kilo zake zote,
hakuacha hata moja chini tumshikie.
Ngoma ikakatika: mpigaji naye alikuwa anatazama,
unga umemganda usoni, mdomo wazi,
wakati anamwona kila siku.

"Mama mdogo, unalia?"
Vumbi, nikasema.
Nilikuwa nimesimama. Sijui tangu lini.
Mwanamume wa nyuma alikuwa ananiomba nikae,
kwa adabu, labda mara ya tatu.

Njiani Kyalwe alisifia mbuzi tu, mbuzi, mbuzi,
akatembea juu ya reli, mikono wazi,
akaanguka, akapanda tena.
Sikumwambia ashuke.

Jumatatu gunia la kwanza likapanda mizani.
Mchimbaji akanitazama mdomo.
Nilichelewa kutaja.
Mshale ulikuwa bado unatetemeka,
nami nikaungoja.