Bitana

Miaka thelathini na mitatu cherehani yangu inakohoa
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
na pini nazishika kwa midomo
kama wengine washikavyo tasbihi kwa vidole.
Basi ugali ulipoanza kusimama njiani
nilijua: moja nimeimeza.

Nikanyamaza. Nikahamia uji.
Hata kipande cha chungwa la Muheza kikawa mgeni
anayebisha hodi, hapokewi, wala harudi kwao.

Kule Bombo, Dokta Mhina akanionyesha kwenye kioo
handaki jekundu, limelowa. Ndiye mimi huyo.
Na ukutani doa jeusi kama wino,
ukubwa wa kifungo cha shati la mtoto.
Nikaungama habari ya pini.
"Si pini, mama. Ni saratani,
ila si ile tuliyoizoea. Hii nimeisoma vitabuni tu,
wewe ndiye wa kwanza kunifundisha."
Nikamjibu, wanafunzi wangu hulipa ada.
Akacheka. Mimi mate hayakupita.

Akaeleza, na mikono yake ikasema kifundi:
umio una tabaka, doa halijavuka la kwanza.
Atapitisha kinywani mpira wenye jicho,
atadunga maji ya buluu chini ya doa, liinuke,
kisha kijisu cha umeme, chembamba, kilizunguke polepole
kisitoboe.
Bitana, nikasema.
"Nini?"
Unafumua bitana, kitambaa unakiacha.
Akaniangalia kama mtu aliyeokota ufunguo wake.

Nusu kaputi ilinichukua nikihesabu barabara,
ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.
Sikufika nyumbani.

Nilipozinduka nikajipapasa shingo, kifua, tumbo.
Hakuna mshono.
Fundi gani huyu asiyeacha uzi?
Akaniletea doa lenyewe nilione:
limetandazwa juu ya kizibo, dogo, limenywea,
na pembeni, pande zote, limechomekwa pini.

Pini, Dokta.
"Ndiyo, mama. Lisijikunje. Watapima pindo, kama ni safi."

Siku ya tatu, maziwa baridi, kijiko kimoja.
Nikayasikiliza yakishuka
mpaka yakaacha kusikika.

Pindo ni safi, wamesema. Nirudi baada ya miezi mitatu
achungulie tena. Hakuniapia kitu.
Nami sijapata kumwapia mteja kwamba nguo haitafumuka.

Leo nashona sare ya mjukuu wa Mama Shemweta.
Pini nimezichomeka begani, kwenye kanga.
Midomo iko wazi,
haijui ishike nini.