Kondo la Nyuma

Juni nzima nilisingizia ukungu.
Newala asubuhi, nani atakubishia?
Unapanda kutoka bonde la Ruvuma,
unameza Shimo la Mungu, unameza mikorosho,
unaingia bandani kwetu bila hodi.
Lakini saa sita, ukungu wa watu ulipokwisha,
wangu ulibaki.

Mtoto wa jicho alitolewa mwaka juzi,
nikawekewa kioo, nikatunga uzi mwenyewe.
"Amerudi?" nikamuuliza Daktari Mkapunda kule Ndanda.
"Mtoto harudi, mama.
Nyuma ya kioo kuna kijingozi,
tulikiacha makusudi kikishikilie.
Ndicho kilichofifia."
Kondo la nyuma, nikasema.
Akacheka mpaka akavua miwani.

Hakuna kisu.
Matone, kisha kukaa benchi mboni ipanuke,
taa ya dari ikiota manyoya.
Kidevu juu ya chuma baridi,
paji la uso kwenye mkanda.
"Usipepese."
Tk. Tk.
Kama mtu anakata kucha chumba cha pili.
Nilihesabu ishirini na tatu, nikapotewa.
Mwanga unatoboa dirisha ndani ya jicho langu
na mimi nawaza nauli.

"Utaona vidudu vinaelea," alisema, "usivifukuze."

Miaka thelathini nabangua korosho.
Najua kuuvua ule utando mwekundu
nyeupe isipasuke.
Hivyo ndivyo nilivyojisifu.

Kesho yake niliviona vidole vyangu,
mafuta ya ganda yamevichora ramani.
Nikauona ungo wangu:
vipande, vipande, nusu, vipande.
Halafu mkono wa Somoe Nang'olo,
ambaye hatusemeshani tangu msiba wa shangazi yake,
ukanyooka bila yeye kunitazama,
ukazoa vilivyovunjika,
ukaacha nzima.
Mara ya kwanza. Mara ya tatu.
Mkono uliozoea.

Kumbe miezi yote ile
mzani ulikuwa unamsifu nani?

Nilifungua mdomo.
Vidudu viwili vikapita mbele ya uso wake,
uso uliozeeka mimi sipo.
Nikapepesa.

"Ukungu mzito leo," nikasema.

Akatazama mlangoni,
jua limeanikwa uwanja mzima.
"Mzito," akajibu,
akasogeza ungo wake karibu na wangu.