Jiwe la Sikio

Jumamosi, Luchelele. Maji kijani kama mlenda uliopoa.
Mwalimu Nyangeta ameazima mtumbwi wa mjomba wake
kwa sharti moja: urudi mkavu.
Kidato cha Tatu B tuko kumi na wanne, majaketi okozi saba.
Tunapanda kwa zamu.

Lugiko anashusha sahani, nusu nyeusi, nusu nyeupe.
Kaipaka mwenyewe kwa rangi iliyobaki langoni mwa shule,
juu ya mfuniko wa sufuria
ambao kwao, hadi leo, wanautafuta.
Kamba ina mafundo, kila fundo sentimita kumi.
La tano. La sita, inafifia.
La nane: haipo.
"Andika themanini," anasema Mwalimu.
"Usiandike maji machafu. Machafu ni lawama, themanini ni namba."
Naandika. Kalamu imeloa, inakwaruza tu.

Kisha nchi kavu, juu ya gunia, sangara
tuliyemchangia mia tano mia tano pale mwaloni,
bei imeshuka kwa kuwa jicho lilishaanza ukungu.
Nyamizi anakataa kumgusa. Baadaye
ndiye asiyetaka kuachia kisu.
Tumboni: dagaa, uduvi,
na sangara mdogo, mzima, mapezi bado yamesimama.
Hakuna aliyecheka.
Mwalimu akapasua kichwa, nyuma ya jicho,
akachokoa kwa kibanio cha nyusi,
akaniwekea kiganjani kitu cheupe,
kama jino la mtoto.

"Jiwe la sikio. Kwa hili samaki husikia,
na linavyokua hujiwekea pete, kama mti.
Ukijua kulisoma, unajua umri wake.
Shuleni tunayo kumi na moja tu."

Kumi na moja!
Mimi niliyelelewa kwa mapanki,
mimi ambaye mama yangu hununua vichwa kwa ndoo,
huvikaanga, huvipanga kwenye sinia Igogo njia panda,
nimenyonya vichwa vingapi,
nimetema vijiwe vingapi, nikivilaani?

Jioni nilisahau hata kusalimia.
Nilipita moja kwa moja nyuma ya jiko,
kwenye lundo la majivu, na kijiko.
"Umeangusha hela?"
Nikamwonyesha kimoja. Akakipangusa kwa khanga,
akakigeuza kwenye mwanga wa kibatari.
"Haya? Haya hata kuku wanayaruka."
Lakini akachutama.
Vidole vyake vilikwenda mbio kuliko vyangu,
kama anayechambua mchele wa wageni,
na hakusema kitu hadi kopo la maziwa lilipofika nusu.

"Na mtu je," akauliza, "naye analo?"

Sikujua.
Nimeliandika swali lake daftarini,
chini ya themanini iliyokwaruzwa,
kwenye ule mstari
ambao Mwalimu huuacha wazi kila wiki
na sisi huwa tunaupitishia kistari: Mengineyo.