Imeahirishwa

Kila Jumatatu nafuta kiti kisicho na mtu.
Si kazi yangu. Mimi ni karani wa masijala,
yangu ni namba, mihuri, na kusaka jalada
lililolaliwa na jalada lingine.
Lakini upepo wa Dodoma hausomi mgawanyo wa kazi:
hupenya dirisha la mashariki na vumbi lake jekundu,
likaketi, bila haya, palepale alipoketi Jaji Mdahila
miaka kumi na mmoja, kiganja shavuni,
akiwasikiliza waongo hadi mwisho wa uongo wao.

Alistaafu Juni. Tulimpa mbuzi, saa ya ukutani
na hotuba tatu ndefu.
Tukadhani zabibu za Agosti zikiiva
atakuwepo mwingine.

Yakavuja majina mawili.
Tangu hapo hakuna anayeuliza nani anaijua sheria.
Wanauliza: nani wetu?

Watu wa Kinu wakasema, Bi Semgomba huyu,
shemeji yake aligombea Kongwa kwa tiketi ya Ungo;
atazipepeta hukumu, makapi yatuangukie sisi.
Watu wa Ungo wakasema, Wakili Nghambi huyo
alionekana kwenye msiba wa mweka hazina wa Kinu,
mstari wa mbele, akila pilau kwa mikono miwili.
Picha ikazunguka simu kwa simu:
mtu, sahani, mfupa.
Mfupa ule ulijadiliwa siku tatu bungeni.

Hata mgahawa wetu wa uani umegawanyika.
Dirishani Kinu, mlangoni Ungo.
Mimi ugali wangu wa uwele na mlenda
naula nimesimama.

Na Damali Chipanha huja kutoka Mvumi
usiku haujaisha, kanga imefungwa kiunoni kwa fundo la mtu mwenye safari.
Nusu eka ya mizabibu. Mume alipofariki
shemeji akaliuza shamba kwa mtu asiyejua kupogolea.
Mashahidi walikwisha kusema, mawakili walikwisha kukohoa,
ilibaki hukumu tu.

Mara ya kwanza alileta kishada kizima,
cha mstari mmoja aliobakiziwa ukingoni.
Nikamwambia, mama, hii ni rushwa.
Akasema, si rushwa, ni kielelezo.
Naibu Msajili akasoma tarehe mpya. Nikapiga muhuri.
Mara ya pili, tarehe mpya. Nikapiga muhuri.
Wino ulikuwa umeanza kukauka, nikautemea mate.

Siku hiyo, nyuma ya fomu iliyoharibika,
niliandika haya, mimi nisiyekuwa malenga:

*Kiti kimebaki wazi, vumbi tu lakikalia,*
*Jalada lina mizizi, mchwa walishangilia,*
*Huku wavuta mkwezi, kule ngazi washikia,*
*Mzabibu hauwezi, hukumu kusubiria.*

Nikaificha droo ya chini.
Ingeonekana, wangeniuliza mimi ni wa nani.

Mara ya tatu alikuja na kifundo cha kitambaa.
Ndani, zabibu zilizokauka, nyeusi, ndogo,
kama macho ya kuku.
Nje spika mbili zilikuwa zikishindana,
Kinu kikitwanga, Ungo ukipepeta, nafaka sijaiona.
Akasikiliza kwa makini, kichwa kimeinama kidogo,
kisha akaniuliza kwa upole kabisa:
mwanangu, kwani jaji ana makalio mangapi?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na muhuri.

Zabibu zake alizifyatulia kaunta
akaondoka bila kuaga.
Nikazihesabu: kumi na saba.
Nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikaandika *kielelezo*,
nikaibana ndani ya jalada lake.

Jumatatu nilipokuja kufuta kiti
nilikuta bahasha imetobolewa pembeni, tundu dogo, safi.
Panya wa masijala hawana chama.
Walibakiza vikonyo.