Kuni za Mjomba Ottmar

Mhudumu amesimama, kalamu sikioni.
"Bia au divai?"
Anauliza kama anayeuliza saa.
Hajui ni nani ameketi mezani pake.

Magharibi ya msitu huu wa Steigerwald
ardhi imeuinamia mto Main, na watu wameiinamia mizabibu.
Mashariki kila kijiji kina mtambo wake wa bia,
na kila mtambo una mzee mmoja anayeapa
kwamba bia ya kijiji jirani ni maji ya kusuuzia sufuria.
Baba yangu, Burkard, ni wa magharibi.
Mama, Kunigunda, aliuvuka msitu na masanduku mawili:
moja la nguo,
moja la chupa.

Miaka thelathini na minane meza yetu ilikuwa na mpaka.
Huku bilauri ya shingo nyembamba, imeshikwa kwa vidole viwili
kama mtu anayechomoa mwiba.
Kule kikombe cha udongo, ngumi nzima kwenye mpini,
na povu juu ya mdomo wa mama
ambalo hakulipangusa, makusudi, ili baba alione.

Baba alisema: divai ni mwaka mzima ndani ya chupa.
Ukiionja unaijua mvua ya Juni,
unajua mteremko uliopata jua na ule ulionyimwa.
Bia je, inakumbuka nini?
Jumanne.

Mama alisema: ndiyo, Jumanne,
siku ambayo watu wana kiu.
Divai yako inataka isubiriwe, inuswe, isifiwe,
kama bwana harusi asiyeshuka garini mpaka apigiwe vigelegele.
Bia yangu huingia kwa mlango wa nyuma na viatu vyake vya matope,
inauliza: mmekula?

Mimi nilikunywa juisi ya tufaha, nikihesabu mabao.

Kisha ikaja Mei ile.
Mbingu tupu, hakuna wingu la kufunika chochote,
machipukizi yamefika urefu wa kidole cha mtoto mchanga,
na redio inasema usiku kutaanguka sakitu.
Baba alivaa koti, akalivua, akalivaa tena.
Mama alipiga simu moja.
Hakuomba. Alisema tu: "Ottmar, leta kuni."

Saa nane usiku lori la mtambo wa bia lilipanda mlima
limejaa magogo, yaleyale ya kukaushia kimea,
yanayoipa bia yao ladha ya nyama iliyobanikwa.
Wajomba watatu walishuka, hawakusalimu mtu.
Wakawasha moto kati ya mistari, kila hatua ishirini,
mashati yakiwanuka shayiri,
na moshi ukalala juu ya mizabibu kama blanketi la kuazima.

Alfajiri baba alipita akigusa chipukizi moja moja.
Hai. Hai. Hili limekufa. Hai.
Mjomba Ottmar akafungua kreti.
Baba akapokea chupa, akainywa kwa shingo, yote, bila kuinusa.
Sikumwona akinywa hivyo tena.

Divai ya mwaka ule ilipoiva, mama alipiga funda moja
akatabasamu. "Ina moshi."
"Haina," baba akasema.
"Ina moshi, Burkard. Moshi wa kwetu."
Ubishi ule ulihamia nasi nyumba mpya,
ukaingia hata hospitali,
baba na mipira ya hewa puani, sauti imebaki uzi:
"Haina."

Imebaki chupa moja, ghala ya chini, rafu ya mwisho.
Mama huifuta vumbi kila Jumamosi, haifungui.
Nilimwambia, tuionje basi, tujue.
Akanitazama kama niliyetaka kuuza nyumba.
"Tukijua," akasema, "nitabishana na nani?"

Mhudumu amerudi, hii ni mara ya tatu.
"Vyote viwili," namwambia.
Anakitazama kiti kitupu. "Unamsubiri mtu?"
"Hapana.
Ila usiviweke karibu karibu.
Vimegombana."