Daftari la Desemba

Tarehe tisa nimeshakaa kitako,
daftari la hesabu la Nyemo nimelipindua,
nyuma ya desimali zake naandika:
watu kumi na wanane. Futa. Ishirini na mmoja.
Shemeji Chilongani hasemi kama anakuja,
husema "tutaona," kisha anashuka na watoto wanne
na jirani yao mmoja aliyekosa pa kwenda.

Mchele wa Bahi, kilo nane, nimeuwahi
kabla bei ya Majengo haijaota pembe.
Vitunguu nimegawana gunia na mama Sechelela.
Mbuzi yuko Mvumi, kwa mama mkwe,
anatafuna majani, hajui kwamba ana tarehe.

Mwaka jana nilikosea.
Nilipika kama mtu anayeogopa kusutwa,
na pilau ikalala sufuria mbili nzima,
siku ya tatu ikaanza kutoa povu.
Usiku nikaizika nyuma ya choo
kwa mwanga wa simu, kama mwizi anayefukia ushahidi.
Mama mkwe alisikia jembe.
Asubuhi akanisalimu, "Mbukwa,"
na salamu ile ilikuwa na mfupa ndani yake.

Basi mwaka huu nimepanga hadi mabaki.
Mifupa: supu, asubuhi ya ishirini na sita.
Nyama: ibanikwe tena kwa moto mdogo, na chumvi, ifike Jumapili.
Chapati zilizokakamaa: zikatwekatwe, zirushwe na nyanya,
watoto watapigania.
Ukoko ni wa aliyeosha sufuria, na hiyo ni sheria.
Maganda ya vitunguu: hapo nimeshindwa.

Nikampelekea. Akavaa miwani yake yenye uzi,
akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari,
kama anayetafuta kiroboto kwenye manyoya.
Akafika mwisho, akageuza ukurasa. Mweupe.
"Na Februari," akauliza, "umeiandika wapi?"

Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Wakaja watu ishirini na sita.
Walikula, wakaimba, wakalala mikekani kama magunia ya karanga,
na wali bado ukabaki nusu sufuria,
maana kila mgeni aliona haya ya kumaliza.
Asubuhi nikatoka na ndoo, nimechelewa:
mama mkwe ameshautandaza juu ya ungo mpana,
paani kwa banda la kuku,
anazitenga punje kwa ncha ya kidole,
punje hapa, punje pale,
mkono uleule uliopanda uwele wiki iliyopita.
Jua la Ugogo halina swichi
wala halidai umeme wa kulipia.
Siku tatu, wali ukawa changarawe.
Akaufunga kwenye ndoo, akaweka jiwe juu ya kifuniko,
hakuniambia neno.

Februari tulikwenda kumsaidia palizi.
Ada ilikuwa imekula mshahara,
uwele umefika magotini, ghala limefika sakafuni,
na mwaka, ukiutazama, ulikuwa mrefu kama barabara ya Kongwa.
Akafungua ndoo. Akasaga kwenye jiwe.
Maji, moto, mwiko.

Nyemo akaingiza pua kwenye kikombe,
akatulia, akainua macho:
"Mama. Krismasi."
Kweli. Iliki, mdalasini,
na kwa mbali sana, nyuma ya moshi,
yule mbuzi aliyekuwa na tarehe.
Tulikunywa tumesimama, majembe yameegemea ukuta,
hakuna aliyeimba,
na hakuna aliyeona haya ya kumaliza.

Nimerudi mjini. Daftari lile limejaa desimali,
nimefungua jingine.
Desemba iko mbali, haijulikani hata nani atakuwepo.
Naandika: mchele, kilo nane.
Futa.
Kilo tisa.
Moja ya jua.