Jembe Limeenda Shamba

Ufunguo ninao mimi. Kila saa mbili asubuhi
nafungua ghala la zamani la ushirika, hapa Tukuyu,
ambalo bado linanuka kahawa mvua ikinyesha,
na huku hunyesha.
Napangusa vioo. Napangusa kibao: USIGUSE.
Nafungua daftari la wageni, safu ya maoni:
"Nzuri." "Nzuri." "Nzuri sana."
Mmoja, wa Januari, aliandika: "Choo kiko wapi?"
Huyo peke yake ndiye aliyetaka kujua kitu.

Kamati ilipokutana, Bwana Mwakasungula alikohoa:
"Watu hawaji. Tuongeze vibao?"
Tukaongeza vibao.

Basi siku moja mvua ikashuka juu ya bati
kama debe la mahindi lililopasuka,
na Tupokigwe wa viazi akaingia mbio,
si kwa ajili ya historia,
kwa ajili ya nywele alizosuka jana.
Beseni likabaki mlangoni, likichuruzika.
Akazunguka, mikono nyuma,
kama mtoto aliyeonywa kabla ya kuingia dukani.
Akafika kwenye chungu. Akasoma kadi kwa sauti:
"Chungu cha kupikia. Umri haujulikani."
Akacheka hadi nikaona aibu, nisijue ya nini.

"Cha kupikia! Geuza uone kitako chake.
Masizi yako wapi?
Hiki hakijawahi kuonja moto, mdogo wangu.
Hiki ni cha mbegu: maharage chini, majivu juu,
mdomo unauziba kwa jani la mgomba.
Na huu ufa..."
kidole chake kilikuwa kimeshafika kwenye ufa,
kibao kikitukodolea macho,
"huu ufa nilichapwa kwa ajili yake.
Nilikuwa darasa la tatu."

Chuoni hawakunifundisha
la kufanya pale kitu cha makumbusho
kinapokutana na aliyekivunja.
Nikampa penseli.
"Niandike mimi?"
"Nani mwingine alichapwa?"

Herufi zake zimelala upande mmoja kama mtama baada ya upepo,
na kwenye pembe kuna doa la tope. Sijalipangusa.
Wiki iliyofuata akaja dada yake kutoka Kiwira,
nauli yake mwenyewe, kupinga:
"Aliyechapwa ni mimi."
Naye nikampa kadi.
Chungu kimoja, mashahidi wawili,
na darasa zima la watoto katikati, wakipiga kura.

Nikang'oa kibao, nikakigeuza,
nikaandika mgongoni mwake: HIKI NI NINI? TUAMBIE.
Mwakasungula akaonya kwamba tutaibiwa.
Hatujaibiwa. Tumeletewa
redio isiyo na matumbo, kopo la kupimia maziwa,
na ubishi juu ya ngoma, ipigwe kwa kiganja au kwa kijiti,
uliomfanya Gwakisa fundi cherehani
afunge duka nusu siku, suruali ya mtu ikiwa mashineni.

Kisha Ambakisye akaleta jembe la babu yake,
mpini umeng'aa kwa jasho la watu watatu.
"Sitoi," akasema. "Naazimisha.
Udongo ukilainika, nalifuata."
Akataka niandike hivyo, naye akiona.

Novemba akalifuata.
Sikujaza nafasi yake. Umbo lilibaki kwenye vumbi la rafu,
nami, kwa mara ya kwanza, kitambaa nikakiweka mfukoni.
Nikaegemeza kadi:
JEMBE LIMEENDA SHAMBA.

Hapo ndipo mtoto mmoja alisimama kuliko penginepo,
mbele ya kitu kisichokuwepo.
"Shamba gani?"
Nikamnyoshea kidole dirishani. Ukungu.
Akaupangusa kwa kiganja,
na ng'ambo ya korongo tukamwona mtu, mdogo kama punje,
anainuka, anainama.

Alama ya vidole vitano
ipo kwenye kioo mpaka leo.